Kufutika na Kufutika

Jana jioni nilikuwa na faili mbili wazi kwenye skrini. Ya kwanza ilikuwa na jina refu la jedwali, anwani ya seva na namba ya poti, na vyote vitatu vilitakiwa vihamie faili ya pili. Kazi ya dakika moja. Nikanakili jina, nikavuka, nikabandika, nikarudi. Nikanakili anwani, nikavuka, na hapo mtu akanisemesha. Nilipogeukia tena kazi yangu nikakuta nimeshanakili neno jingine ambalo wala sikulihitaji, na anwani niliyokuwa nimeibeba imetoweka bila kuaga.

Mahali ilipokuwa imewekwa anwani ile panaitwa, katika simu na kompyuta zinazosema Kiswahili, ubao wa kunakili. Jina ni sahihi ila limepoa. Mimi hupaita kibindo, ule mkunjo wa shuka kiunoni ambamo wazee walitunza senti zao na ugoro. Kitendo cha kutia kitu kibindoni kina kitenzi chake, kufutika, na Kiswahili kwa ujanja wake kimekipa kitenzi hicho pacha: kufutika ni kutunza mkunjoni, na kufutika ni kupotea kwa kufutwa. Sijui kama kuna lugha nyingine inayoeleza tabia ya kibindo cha kompyuta kwa neno moja hivyo. Nakiri hata hivyo kwamba mfano wangu unakionea kibindo chenyewe. Mzee akifutika kitu cha pili, cha kwanza hakiyeyuki.

Kila lugha imepatazama mahali hapa kwa jicho lake. Mjerumani anasema Zwischenablage, pa kuweka kitu kwa muda kati ya hapa na pale. Mfaransa anasema presse-papiers, kile kizito kinachowekwa juu ya karatasi zisipeperuke. Mwitaliano anasema appunti, vidokezo vya daftarini. Mwarabu anapaita al-hafidha, kutoka shina lile lile lililotupa sisi hifadhi na linalompa jina hafidhi, aliyeibeba Kurani nzima kifuani. Jina la Kiarabu ndilo lenye ahadi kubwa kuliko yote, na kwa miaka mingi kompyuta haikuitimiza, kwa kuwa ilihifadhi kimoja tu.

Waandishi wa programu ndio waliobanwa mapema na uchache huo. Anayeandika barua hunakili aya moja, akaihamisha, basi. Anayeandika msimbo hushinda akihamisha vipande vidogo vidogo: jina la kigeugeu, mstari wa kuita maktaba, ujumbe wa hitilafu. Ndiyo maana vihariri vyao vilianza mapema kubeba vitu vingi kwa pamoja. Lakini ukivilinganisha unagundua kwamba nafasi ni jambo dogo. Kompyuta ya leo inaweza kubeba vipande elfu bila kuhema. Ugumu uko kwenye kutoa: vikiwa vingi, utakipataje kile unachokitaka? Hapo ndipo mila za vihariri zinapoachana njia.

Tuanze na mila ya kimoja, kwa sababu haikutokana na uzembe. Katikati ya miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC huko Palo Alto, Larry Tesler na Tim Mott walitengeneza kihariri kilichoitwa Gypsy kwa ajili ya kampuni ya vitabu vya shule, Ginn. Wahariri wa vitabu enzi hizo walifanya kazi kwa mkasi na gundi. Walikata aya kwenye karatasi wakaibandika penginepo, na Tesler akaichukua desturi hiyo kama ilivyo. Mtu aliyeshika mkasi mkono mmoja, mkono wa pili una kipande kimoja. Tesler alichukia programu zenye hali, yaani zile ambazo kitufe kimoja hutenda hili sasa na lile baadaye. Alizichukia hadi namba ya gari lake ikasomeka NO MODES. Alipohamia Apple mwaka 1980 alikwenda na imani hiyo. Lisa ikatoka mwaka 1983, Macintosh mwaka 1984, na vitufe X, C na V, vilivyokaa bega kwa bega katika safu ya chini ya kibodi, vikawa mali ya dunia nzima.

Macintosh ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, kwa hiyo ubahili ulikuwa na sababu. Ila watu wa Apple hawakusahau kwamba mtu hutaka kutunza. Waliweka kando ya kibindo daftari la vipande, ambamo ungebandika picha au maneno ukayakuta hata baada ya kuzima mashine. Kibindo kwa ajili ya safari, daftari kwa ajili ya akiba. Ni mgawanyo safi, na kwa mhariri wa vitabu unatosha. Kwa mwandika msimbo ni mbali mno. Hakuna anayefungua sanduku la nguo kila anapotaka leso.

Upande wa pili wa Marekani, katika Maabara ya Akili Unde ya MIT, kihariri cha Emacs kilianza mwaka 1976 mikononi mwa Richard Stallman na Guy Steele. GNU Emacs, mjukuu anayetumika leo, ilifuata mwaka 1985. Humo hukati, unaua. Kila kilichouawa huingia kwenye pete, cha karibuni mbele, vya zamani nyuma yake, na ukifika mwisho unarudi ulikoanzia. Pete hiyo kwa miaka mingi ilikuja na nafasi 60. Toleo la 29, la mwaka 2023, likazifanya 120.

Itazame ikifanya kazi. Weka kishale mwanzoni mwa mstari, ubonyeze Ctrl na k mara sita mfululizo. Mistari mitatu inaondoka, kwa kuwa bonyezo la kwanza linaua maneno na la pili linaua alama ya mwisho wa mstari iliyobaki. Lakini katika pete hakuna vipande sita. Kipo kimoja, mistari yote mitatu imeungana, maana Emacs inahesabu mauaji yasiyokatizwa kuwa tukio moja. Sogeza kishale hata kidogo, uue tena, na kipande kipya kinazaliwa. Sasa nenda unakotaka, bonyeza Ctrl na y, na maiti wa mwisho anafufuka. Siye? Bonyeza Alt na y. Maneno yaliyobandikwa yanaondoka, na mahali pake yanakuja yaliyotangulia. Siyo hayo pia? Bonyeza tena.

Pete haikuulizi chochote mapema. Hukulazimika kujua, wakati unaua, kwamba utajuta. Inatosha ukumbuke sasa kwamba ulikigusa muda si mrefu uliopita, kisha uzungushe hadi sura yake ijitokeze mahali hasa utakapoitumia. Ni mila inayomstahi mtu mwenye kusitasita. Adhabu yake ni hatua: kipande cha kumi na nne nyuma ni mabonyezo kumi na manne, na ukizidisha moja umekipita.

Pwani ya magharibi, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, karibu wakati ule ule, Bill Joy aliandika kihariri kiitwacho vi. Hiki kinakuuliza mapema. Unabonyeza alama ya kunukuu, herufi a, kisha y mara mbili, na mstari mzima unaingia katika rejesta iitwayo a. Alama ya kunukuu, a, p, na mstari unatoka. Rejesta ni 26, kila moja na herufi yake, na hapa pana ujanja mmoja ninaoupenda: ukitaja herufi kubwa, A badala ya a, kitu kipya hakimfukuzi mwenyeji bali kinapangwa nyuma yake. Kwa mila hii, kazi yangu ya jana ingekuwa safari moja. Jedwali katika j, seva katika s, poti katika p, kisha navuka mara moja na mzigo wote, na mtu anisemeshe mpaka achoke.

Ila ni lazima niwe nimejua. Rejesta yenye jina ni ya mtu aliyepanga safari kabla ya kuondoka, na ukimpa mtu mwenye papara ataweka kila kitu katika a. Nimewaona wataalamu wa miaka kumi wanaotumia rejesta mbili tu kati ya 26. Zubeda wa mezani kwangu, ambaye hukumbuka hata namba za simu za mezani za utotoni, anatumia kumi na hajawahi kuzichanganya.

Kwa nini vihariri viwili vya zama moja, nchi moja, kazi moja, viliachana hivyo? Sehemu ya jibu ni waya. Joy amesimulia kwamba aliandika vi akiwa nyumbani kwa modemu ya kasi ya 300, ilhali wenzake wa MIT walikuwa na skrini zilizounganishwa moja kwa moja na mashine kubwa. Kasi ya 300 ni herufi takriban 30 kwa sekunde. Mstari uliojaa wa herufi 80 unachukua karibu sekunde tatu kuchorwa. Skrini nzima ya mistari 24 inachukua zaidi ya dakika moja. Zungusha pete katika hali hiyo! Kila kipande unachokikataa umekisubiri kije, kisha umesubiri kifutwe. Jina la herufi moja, kinyume chake, halichori kitu. Mwenye waya mwembamba hulazimika kubeba ramani kichwani, na mwenye skrini ya haraka huachia macho yamsaidie.

Nisije nikaonekana nimelimaliza jambo kwa modemu, kuna ushahidi unaolikoroga. TECO, kihariri ambacho Dan Murphy alikianza MIT mwaka 1962, kilikuwa na rejesta zenye majina ya herufi na tarakimu, 36 kwa jumla. Na Emacs ya kwanza iliandikwa juu ya TECO hiyo hiyo. Watu wa pete, basi, walilelewa katika nyumba ya rejesta, na mpaka leo Emacs imezitunza katika chumba cha nyuma ambako wachache hufika. Naye vi, wa majina, ana pete ndogo aliyoificha: mistari unayoifuta humiminika katika rejesta zenye namba, 1 hadi 9, mpya ikiisukuma ya zamani. Mwite namba 1 abandike, mtengue kwa u, kisha bonyeza nukta. Badala ya kurudia namba 1 analeta namba 2. Tengua, nukta, namba 3. Ni pete kwa kila hali, ila inazungushwa na mtu anayejua siri.

Ukitaka kuona mila hizi zilivyojengwa bila kusikilizana, tazama neno yank, ambalo zote mbili zinalitumia na tafsiri yake nyepesi ni kuvuta. Katika Emacs, kuvuta ni kubandika. Katika vi, kuvuta ni kunakili. Kwa mgeni ni kichekesho, lakini kila upande una mantiki. Emacs inasimama ndani ya maandishi na kuvuta kutoka kwenye pete. Vi inasimama kwenye rejesta na kuvuta kutoka kwenye maandishi. Kamba ni moja, tofauti ni mvutaji amesimama wapi. Nimefundisha vijana wawili kwa Kiswahili, mmoja kila kihariri, na neno vuta nimeliacha kabisa. Nakili na bandika, ambazo wafasiri wa Kiswahili walitupa, hazina ugomvi huo.

Vi ilipata mrithi mwaka 1991, Vim ya Mholanzi Bram Moolenaar, na huyu aliongeza rejesta za kila namna: ya kilichotafutwa mwisho, ya amri ya mwisho, ya hesabu inayokokotolewa papo hapo. Ukiifungua Vim bila faili, ukurasa wa kwanza mara kwa mara unakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Watu wa kwetu hudhani ni tangazo limepotea njia. Moolenaar alijitolea kufanya kazi mwaka 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na hakutoza watu bei ya programu. Aliwaomba tu wakichangie kituo. Alifariki Agosti 2023, na ombi lile lingali pale.

Vim ina kero moja maarufu. Umenakili neno jema, ukateua neno bovu, ukabandika jema juu yake. Vizuri. Nenda kwenye bovu la pili, bandika: linatoka bovu la kwanza! Kilichofutwa kimeingia kibindoni na kukifukuza kilichobandikwa. Dawa ipo, rejesta 0, inayoshika cha mwisho kunakiliwa na haiguswi na vinavyofutwa, lakini watu wengi hukaa na ugonjwa miaka mitano kabla ya kuambiwa dawa.

Mila ya nne ni ya orodha. Microsoft iliingiza katika Office 2000 ubao wa vitu 12, uliojitokeza wenyewe skrini hata kwa asiyeuita, kisha Office XP ikavifanya 24. Kwa waandika programu, Visual Studio ilikuwa na pete yake, ikizungushwa kwa Ctrl, Shift na V. IntelliJ ya JetBrains ilichukua vitufe hivyo hivyo, lakini badala ya kuzungusha inafungua dirisha dogo lenye vilivyonakiliwa, uteue kwa macho. Windows 10 ikafuata mwaka 2018, safari hii kwa mashine nzima, kwa kitufe cha Windows na V, vitu 25. Apple, wenye mila ya kimoja, waliishikilia tangu 1984, na ilikuwa 2025 ndipo walipoweka historia ya vilivyonakiliwa ndani ya macOS yenyewe. Hivyo vitufe vitatu vya Ctrl, Shift na V, kwa njia, vimegombewa kuliko kiwanja cha barabarani: katika Visual Studio Code vinakuonyesha hati ya Markdown ilivyopangwa, kwenye terminali za Linux vinabandika tu, na kwenye kivinjari vinabandika maneno bila mapambo yake.

Orodha haidai ukumbuke mfuatano wala jina. Inadai utambue tu, na kutambua ni kwepesi kuliko kukumbuka. Muuza duka anayekuonyesha vitambaa vyote mezani anamrahisishia hata mteja asiyejua jina la rangi. Kwa mgeni, sina shaka, hii ndiyo mila yenye ukarimu zaidi. Lakini msimbo una hila yake. Nakili mistari minane ya majaribio, kila mmoja ukianza kwa maneno yale yale na tofauti ikiwa mwishoni, kisha fungua orodha. Kila safu imekatwa ili itoshe dirishani. Unaona mapacha wanane. Pete ingekuonyesha kila mmoja kwa urefu wake wote mahali pake. Rejesta ingekupa wa s bila maswali. Tena macho yameshaondoka kwenye mstari uliokuwa ukiufikiria, na si mara zote fikra hurudi nayo.

Mila ya X, mfumo wa madirisha uliozaliwa MIT mwaka 1984 na kuenea kwenye mashine za Unix na Linux, nitaipita haraka ingawa ina utani wake. Ina vibindo viwili vinavyotumika: ukiteua tu maneno kwa kipanya yameshaingia cha kwanza, nawe unayabandika kwa kitufe cha katikati, ukiamuru kunakili yanaingia cha pili. Zaidi ya hapo, maneno hayahami. Yanabaki kwa programu iliyoyanakili, nayo inangoja kuombwa. Ifunge kabla hujabandika, umeachwa mikono mitupu, isipokuwa kama kuna mtunzaji, kama programu ya Klipper, aliyechukua nakala mapema.

Kutunza kwingi kumeleta pia swali ambalo mila ya kimoja haikulijua: nani atasahau, na lini? Kibindo cha kitu kimoja kilikuwa kikijisafisha chenyewe. Nywila uliyoinakili saa tatu asubuhi ilifukuzwa na neno lolote la saa tatu na dakika moja. Katika orodha inakaa, na mwenzako akiazima mashine yako ataikuta imejipanga kati ya mistari ya msimbo. Windows hufuta historia kompyuta inapowashwa upya, ila vile ulivyovibana. Kibodi ya Gboard kwenye simu huvitupa baada ya saa moja. Vim inampa mtumiaji jukumu lenyewe: kuna rejesta ya alama ya mstari wa chini (_), inayoitwa shimo jeusi, na unachokitumbukiza humo hakitoki popote. Kati ya hizi napenda ya Vim, ingawa ndiyo inayosahaulika kwa urahisi zaidi. Saa ya Gboard haijui nywila ni ipi na salamu ni ipi. Inafukia zote sawasawa.

Siku hizi mipaka imelegea. Toleo la 28 la Emacs, la mwaka 2022, linakuruhusu ubonyeze Alt na y hata kama hujabandika kitu, nalo linakupa vilivyomo katika pete uchague. Visual Studio za karibuni nazo, ukibonyeza vitufe vile vya zamani, zinaonyesha historia badala ya kuzungusha kimyakimya. Orodha imeingia nyumba za pete bila vita, kwa kuwa skrini imekuwa rahisi na waya mnene.

Jambo gumu zaidi limetendeka kwenye programu ya nyongeza iitwayo Evil, yaani uovu, inayomkaribisha vi ndani ya Emacs. Humo rejesta 26 zipo, na pete ipo, ndani ya faili moja. Unabandika kwa p kama Berkeley. Ukiona kilichotoka sicho, Ctrl na p inakiondoa na kuleta kilichotangulia, kama MIT. Jana usiku, baada ya ile anwani ya seva, niliisakinisha. Kitufe y bila Ctrl ni cha kunakili. Nikibonyeza Ctrl na z, mgeni anatoka sebuleni, mwenye nyumba anarudi, na Ctrl na y inabandika. Nimeandika hivyo kwenye kijikaratasi, nikakibandika kwa gundi chini ya skrini.